Elimu ya wanafunzi wenye vipaji

Elimu ya wanafunzi wenye vipaji ni utaratibu wa kuwafundisha watoto wanaoelewa masomo haraka au kwa kina kuliko wenzao wa rika moja. Lengo lake ni kumpa mwanafunzi kazi inayolingana na uwezo wake, badala ya kurudia mambo anayoyajua tayari.

Utambuzi

Mwaka 1921 mwanasaikolojia Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alianza kufuatilia maisha ya watoto zaidi ya 1,500 waliopata alama za juu katika vipimo vya akili. William Shockley na Luis Alvarez walipimwa wakiwa watoto lakini hawakuchaguliwa. Baadaye kila mmoja alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia (1956 na 1968). Mfano huo hutajwa mara nyingi kuonyesha kwamba kipimo kimoja hakitoshi. Mwaka 1978 Joseph Renzulli alieleza kwamba kipawa huonekana pale yanapokutana mambo matatu: uwezo ulio juu ya wastani, ubunifu na bidii katika kazi.

Mbinu

* Kufupisha mtaala: mwalimu hutoa jaribio kabla ya kufundisha mada, kisha humwondolea mwanafunzi sehemu anazozijua.
* Kuharakisha: mwanafunzi huruka darasa, au husoma somo moja pamoja na darasa la juu.
* Kupanua: mwanafunzi hubaki katika mada ileile ya darasa lake lakini hupewa maswali yenye kina zaidi.

Kosa la kawaida ni kumwongezea aliyemaliza mapema kazi ya aina ileile. Mtoto huona kwamba kuwahi ni adhabu, akaanza kuchelewa kwa makusudi. Vilevile, asiyewahi kukutana na swali gumu hukosa mazoea ya kuhangaika na kazi, na anaweza kukata tamaa masomo yanapokuwa magumu.

Kwa mfano, badala ya hesabu kumi zaidi za kujumlisha, anaweza kuulizwa jumla ya namba kuanzia 1 hadi 100 bila kujumlisha moja moja. Akigundua kwamba 1 na 100, 2 na 99, 3 na 98 zote hutoa 101, atapata jozi 50 na jibu 5,050. Baada ya hapo anaweza kutafuta kanuni inayofaa kwa namba yoyote. Swali kama hilo halihitaji vifaa, hivyo linawezekana hata katika darasa lenye wanafunzi wengi.

Tanzania

Nchini Tanzania ziko shule za sekondari za vipaji maalumu, zikiwemo Ilboru, Mzumbe, Kibaha, Kilakala na Msalato. Hupokea wanafunzi waliopata alama za juu katika mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Hata hivyo nafasi zake ni chache, na watoto wengi wenye uwezo husoma katika shule za kawaida, ambako hutegemea mwalimu wa darasa kuwatambua.