Radi hupitia hata waya wa simu

Mtu aliyeishi Mukendo, mjini Musoma, hahitaji kufundishwa habari za radi. Ziwa Victoria liko hapo hapo, na eneo la ziwa hilo ni miongoni mwa sehemu za Afrika zenye radi nyingi. Wiki hii nazungumzia mashine ya faksi, ambayo wengine huiita nukushi. Barua pepe imeipunguzia kazi, lakini ofisi zilizobaki nayo zina swali lile lile la miaka ya 1990, wakati sisi wa vyumba vya habari tulipokuwa tukipokea taarifa kwa njia hiyo: inaungwaje na simu bila kuunguza mashine wala kudhuru mtu?

Ninachokiona mara nyingi ni mwenye ofisi kununua stebilaiza ya bei kubwa, akaiweka upande wa umeme, akadhani amemaliza. Faksi ina milango miwili. Mmoja ni umeme wa TANESCO, volti 230. Wa pili ni waya wa simu, ambao ukiwa wa shaba huweza kupita juu ya nguzo masafa marefu. Radi si lazima ipige nyumba yako. Ikianguka karibu na laini, msukumo wa umeme hukimbia ndani ya waya, huingia kwa tundu la simu na kutafuta pa kutokea upande wa umeme wa ukutani. Hapo katikati bodi ya mashine huungua, stebilaiza ikiwa nzima kabisa.

Kwa hiyo kinga inayofaa ni ile yenye matundu ya umeme na ya simu pamoja, ikichomekwa kwenye soketi yenye ethi ya kweli. Nasema ya kweli kwa sababu wapo wanaochomeka plagi ya pini mbili kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu, na tundu hilo ndilo la ethi! Bila ethi, kinga haina pa kuumwaga umeme uliozidi.

Hata kinga nzuri haiishindi radi iliyopiga karibu sana. Dawa ni kuchomoa mapema, mawingu yanapokusanyika. Anza na waya wa simu, kisha wa umeme. Wakati wa kurudisha, anza na umeme, ili mashine iwe imeshika ethi kabla ya kukutana na laini. Ngurumo zikishasikika, usiguse chochote.

Watu hudhani waya wa simu hauna nguvu. Laini ya shaba iliyotulia ina volti 48 hivi. Simu inapoita, hupanda hata kufikia 75 au 90. Fundi anayemenya waya kwa meno, simu ikaita wakati huo huo, ataikumbuka siku hiyo. Kwanza atenganishe laini inayotoka nje.

Kuunga kwenyewe ni kazi nyepesi. Waya wa ukutani uingie kwenye tundu lililoandikwa LINE. Simu ya mezani ikae kwenye TEL au EXT. Usiigawe laini kienyeji, maana mtu wa chumba cha pili akiinua mkono wa simu, ukurasa unaharibika. Wenye swichibodi wajihadhari zaidi: tundu la simu ya kidijitali hufanana na la kawaida, lakini umeme wake ni mwingine na unaweza kuiua faksi. Omba laini ya analojia.

Ofisi zilizohamia kwenye nyaya za kioo zina nafuu, kwani kioo hakipitishi umeme. Ila kisanduku kinachopokea mawasiliano bado kimechomekwa ukutani, nacho kinahitaji kinga. Huko faksi huungwa kwenye tundu la simu la kisanduku, na mara nyingi hufanya kazi vizuri zaidi mwendo wake ukipunguzwa.

Ukimaliza, inua mkono wa simu usikilize. Kama laini inakwaruza, tatizo haliko kwenye faksi; waite watu wa simu, wala usifungue kisanduku chao.