Adabu melini: Kanuni za abiria zilizotokana na misiba

ABIRIA apandaye meli ya kitalii kwa mara ya kwanza aghalabu huwa amejiandaa kwa mambo mawili: nguo za kuvaa usiku wa karamu, na namna ya kushika uma na kisu mezani mbele ya wageni asiowajua. Makala nyingi za wasafiri nazo humtayarisha kwa hayo hayo. Ni maandalizi yasiyo na ubaya, lakini yameanzia mwisho wa orodha.

Kanuni zilizo nzito zaidi melini hazihusu meza. Zinahusu zoezi la dharura, kipisi cha sigara, mikono iliyooshwa kwa sabuni na saa ya kurudi bandarini. Karibu kila moja kati ya hizo ina msiba au hasara nyuma yake, na abiria anayeipuuza hajidhuru peke yake.

Meli hizi zimekuwa miji. Icon of the Seas, iliyoanza safari za abiria Januari 2024, ina urefu wa takriban meta 365 na inaweza kubeba abiria wapatao 7,600 na wafanyakazi 2,350. Ni watu karibu elfu kumi wanaokula, kulala, kuogelea na kupishana koridoni ndani ya chombo kimoja, kwa wiki nzima au zaidi. Mtu anayevuka kwa boti kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja humvumilia jirani mkorofi kwa muda wa saa mbili hivi, kisha kila mmoja akashika njia yake. Katika meli ya kitalii jirani huyo atakutana naye tena asubuhi, mchana na usiku, na hakuna kituo cha kushukia njiani.

Jambo la kwanza ni zoezi la dharura. Kila abiria hutakiwa kukijua kituo chake cha kukusanyikia, aonyeshwe jinsi ya kuvaa jaketi la kuokoa maisha, na autambue mlio wa hatari: milio saba mifupi au zaidi, ikifuatiwa na mmoja mrefu. Hapo ndipo utovu wa adabu huanza kujitokeza. Wapo wanaobaki baa na glasi zao, wapo wanaopiga soga wakati mhudumu akieleza, na wapo wanaoliona zoezi zima kuwa la kuwapotezea saa ya kwanza ya likizo waliyoilipia.

Usiku wa Januari 13, 2012, meli ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia, ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Watu 32 walipoteza maisha. Mamia ya abiria walikuwa wamepanda saa chache tu kabla ya hapo katika bandari ya Civitavecchia, na zoezi lao lilikuwa bado, kwa kuwa kanuni za wakati huo ziliruhusu lifanyike ndani ya saa 24 baada ya kupanda. Hesabu kubwa ya lawama ilimwangukia nahodha, Francesco Schettino, aliyeondoka melini ilhali watu wengine wakiwa bado ndani, na mwaka 2015 alihukumiwa kifungo cha miaka 16. Hata hivyo, funzo la zoezi halikusahaulika. Tangu Januari 1, 2015, mkataba wa kimataifa unaosimamia usalama wa maisha baharini, uliotiwa saini kwa mara ya kwanza mwaka 1914 kufuatia kuzama kwa Titanic, unataka abiria wapya wafanyiwe zoezi kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka.

Tangu janga la Uviko-19 meli nyingi zimelegeza utaratibu: abiria huangalia maelezo katika simu yake au runinga ya chumbani, kisha hupita mwenyewe kituoni ili jina lake liandikwe. Zoezi limekuwa fupi, lakini halijawa la hiari, na anayekataa anaweza kuteremshwa na mizigo yake. Msomaji wa Afrika Mashariki anayekumbuka MV Bukoba mwaka 1996 na MV Spice Islander mwaka 2011 hahitaji kuelezwa maana ya watu wengi kutafuta njia gizani wakati chombo kimelala ubavu. Asiyejua kituo chake huwa anasimama katikati ya ngazi kuuliza, na walio nyuma yake wanasimama pamoja naye.

Kipisi cha sigara nacho kina historia yake. Alfajiri ya Machi 23, 2006, meli ya Star Princess ikiwa njiani kuelekea Montego Bay, Jamaika, moto ulizuka katika roshani za vyumba vya abiria na kupanda sitaha hadi sitaha. Abiria mmoja alifariki dunia kutokana na moshi, na vyumba zaidi ya mia moja viliharibika. Wachunguzi wa ajali za majini wa Uingereza walieleza kuwa chanzo kinachoelekea zaidi ni kipisi cha sigara kilichotupwa. Wengi hudhani kipisi kikirushwa nje ya roshani kimekwenda baharini. Meli inapokuwa katika mwendo, upepo wake hukirudisha ndani, kikatua juu ya taulo au kiti cha jirani wa chini aliyelala usingizi.

Ndiyo maana leo sigara huruhusiwa katika sehemu chache zilizotengwa, na mishumaa na pasi za umeme hukatazwa vyumbani. Abiria anayemkumbusha mwenzake juu ya jambo hilo hajaingilia starehe za mtu.

Mikono inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu hapa watu wema hukosea bila kujua. Ugonjwa unaozisumbua sana meli za kitalii ni wa kutapika na kuharisha unaosababishwa na virusi vya noro. Huhitaji chembe chache sana za virusi hivyo kumwambukiza mtu, na hukaa juu ya vishikio vya ngazi, vitufe vya lifti na vijiko vya kupakulia chakula. Abiria wengi hupaka dawa ya mikono yenye alikoholi mlangoni mwa ukumbi wa chakula na kuona wametimiza wajibu. Dawa hiyo haina nguvu ya kutosha dhidi ya virusi vya noro. Kinachohitajika ni maji na sabuni. Katika meli kadhaa wahudumu husimama mlangoni wakiimba kuwahimiza wageni wanawe, na wageni hucheka. Mkaazi wa pwani aliyelelewa kunawa kabla ya kugusa sahani ya pamoja hataona kichekesho hapo.

Adabu nyingine za mahali pa kujipakulia zinatokana na hilo hilo: kutumia koleo na si vidole, kutorudisha chakula kilichokwisha kutiwa katika sahani, kuchukua sahani safi kila unaporudi. Watoto wanaovaa nepi nao hawaruhusiwi katika mabwawa ya kawaida ya kuogelea, na mzazi anayebisha na mlinzi wa bwawa hubishana na kanuni ya afya.

Lililo gumu zaidi ni la mgonjwa mwenyewe. Anayeanza kutapika hutakiwa kutoa taarifa kwa zahanati ya meli na kubaki chumbani. Wengi huficha, kwa kuchelea kufungiwa siku mbili tatu katika likizo waliyoiwekea akiba mwaka mzima. Uchungu huo unaeleweka. Lakini meli inayohudumia bandari za Marekani, abiria au wafanyakazi wake wakifikia asilimia 3 kwa kuugua matumbo katika safari moja, jina lake hutangazwa na mamlaka ya afya ya nchi hiyo. Na kabla ya kufika huko, wazee na watoto wamekwisha kulala vitandani. Februari 2020, kwa ugonjwa wa aina nyingine, Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu zaidi ya 3,700. Zaidi ya 700 waliambukizwa virusi vya korona. Tangu wakati huo ni wachache wanaoliona suala la afya melini kuwa la mtu binafsi.

Ugomvi wa kila siku, hata hivyo, hauletwi na moto wala maradhi. Huletwa na viti. Alfajiri abiria hushuka bwawani, hutandika taulo na kitabu juu ya viti vinne vya kujilaza, kisha hurudi kulala hadi saa nne. Anayekuja baadaye hukuta bwawa limejaa taulo na halina watu. Kampuni ya Carnival iliweka utaratibu wa wahudumu kubandika karatasi yenye saa juu ya kiti kilichoachwa. Zikipita dakika 40 vitu huondolewa na kiti hupewa mwingine. Utaratibu kama huo umeenea, ingawa utekelezaji wake hutegemea ujasiri wa mhudumu anayelipwa ili awafurahishe watu hao hao. Viti vya sitaha viliwahi kupata kazi yenye heshima zaidi: Aprili 2009, kaskazini mwa Shelisheli, iliripotiwa kuwa abiria wa MSC Melody waliwarushia maharamia wa Kisomali viti na meza, huku walinzi wakifyatua risasi, na meli ikanusurika.

Kuta za vyumba ni nyembamba, koridoni sauti husafiri, na mlango unaobamizwa saa nane za usiku huamsha vyumba sita. Lifti huwaacha kwanza wanaotoka. Hayo hayahitaji maneno mengi.

Kuhusu mavazi, mambo yamelegea mno kuliko zamani. Meli nyingi zimebakiza usiku mmoja au miwili ya kuvaa vizuri kwa wiki, na asiyetaka hula sehemu nyingine. Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard bado inashikilia usiku wa suti nyeusi na tai ya kipepeo, ingawa vazi rasmi la kitaifa hukubaliwa pia, hivyo mwenye kanzu na koti lake hana haja ya kuazima tai.

Linalobaki kuwa zito ni namna abiria anavyowatendea wanaomhudumia. Wafanyakazi wengi hutoka Ufilipino, Indonesia na India, na katika miaka ya karibuni vijana kutoka Kenya nao wamekuwa wakiajiriwa. Mikataba yao ni ya miezi kadhaa mfululizo, kazi ni siku saba kwa wiki, na wengi hulala katika sitaha za chini zisizo na dirisha. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unawahakikishia angalau saa 10 za mapumziko katika kila saa 24. Anayejua hilo hataona ajabu mhudumu wa meza ya asubuhi kuwa ndiye yule yule wa meza ya usiku.

Hapo ndipo linapoingia suala la bakshishi. Kampuni kubwa za Marekani huongeza katika hesabu ya kila abiria takriban dola 16 hadi 20 kwa siku, fedha zinazokusudiwa kugawiwa wahudumu wa vyumba na wa chakula. Abiria anaweza kwenda mapokezi na kuomba ziondolewe, na wapo wanaofanya hivyo usiku wa mwisho, wakidai kuwa mshahara ni jukumu la mwajiri. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, na ingefaa kupelekwa kwa mwajiri. Inapopelekwa mapokezi, anayekatwa ni aliyetandika kitanda kwa siku saba, si mwenye meli. Shukrani ya maneno, jina la mhudumu likitajwa sawasawa, nayo ina uzito, hasa ikiandikwa katika fomu ya maoni ambayo wakubwa wake huisoma.

Meli ikitia nanga, adabu hugeuka kuwa ya saa. Machi 2024, abiria wanane wa Norwegian Dawn walichelewa kurudi kutoka matembezi waliyoyapanga wenyewe katika kisiwa cha São Tomé, na meli ikaondoka bila wao. Waliifuata hadi Gambia, ambako ilishindwa kutia nanga, kisha wakaipata Dakar, Senegal. Wengi waliwahurumia. Lakini maelfu waliorudi kwa wakati hawakupaswa kukosa bandari iliyofuata, na nahodha anayekawia hulipia gati na mafuta zaidi. Ikumbukwe pia kuwa saa ya melini huweza kutofautiana na ya nchi kavu. Unguja na Mombasa kuna mtego wa ziada: mgeni aliyejifunza Kiswahili kidogo akiambiwa na dereva kuwa watarudi "saa tisa", anaweza kusubiri tisa ya saa yake ya mkononi, wakati dereva alikusudia alasiri.

Huko huko Unguja hujitokeza kosa jingine la abiria wa siku moja, la kushuka gatini na kupita vichochoro vya Mji Mkongwe kwa nguo za bwawani. Kwa msafiri ni saa nne tu za matembezi. Kwa wenyeji walioketi barazani ni mlango wa nyumba na njia ya msikiti, na baada ya meli hiyo itakuja nyingine.

Usiku wa mwisho mizigo hutolewa koridoni ikiwa na vibandiko vya namba, na asubuhi abiria huteremka kwa makundi kadiri namba zinavyoitwa. Wapo wanaojazana kwenye ngazi kabla ya zamu yao na kuziba njia ya walioitwa, pengine wenye ndege ya kuwahi. Wapo pia wanaochelewa kutoka chumbani, wakiona saa moja zaidi si kitu. Kufikia mchana abiria wapya huwa wameanza kupanda, na katika nafasi hiyo ya saa chache mhudumu mmoja anakuwa na vyumba zaidi ya kumi vya kusafisha.