Penny Dreadful: Kwa nini watazamaji wanauliza habari za Sembene?

Tamthilia ya Penny Dreadful ilifika mwisho mwaka 2016, lakini hapa Ifakara bado inahama kutoka flashi moja kwenda nyingine. Waliomaliza sehemu zake zote 27 hawakubaliani. Wapo wanaosifu uigizaji wa Eva Green, anayecheza kama Vanessa Ives. Wapo waliochoshwa na giza na mazungumzo marefu. Na wapo wanaouliza jambo moja: yule Mwafrika, Sembene, ni nani hasa?

Tamthilia yenyewe inahusu nini?

Hadithi inaanza London mwaka 1891, enzi za Malkia Victoria aliyetawala Uingereza kuanzia 1837 hadi 1901. Mtunzi wake, John Logan, amewakusanya pamoja wahusika wa vitabu vya kutisha vya karne hiyo: Dracula, Frankenstein na Dorian Gray. Jina la tamthilia limetoka kwenye vijitabu vya hadithi za kutisha vilivyouzwa kwa peni moja, ambavyo hata mfanyakazi wa kiwandani aliweza kuvinunua.

Mmoja wa wahusika wakuu ni Sir Malcolm Murray, mpelelezi aliyezunguka Afrika kwa miaka mingi. Sembene, anayeigizwa na Danny Sapani, ndiye mtumishi wake. Anafungua mlango, anaandaa chakula na kushika silaha mambo yakiharibika.

Lalamiko ni lipi?

Sembene anaongea kidogo mno. Watazamaji wanajua utoto wa Vanessa na dhambi za Sir Malcolm, lakini habari za Sembene wanazipata kwa vipande. Katika msimu wa pili anakiri kwamba zamani alifanya biashara ya watumwa. Hilo lingetosha kuwa hadithi nzima, lakini kabla halijafafanuliwa, anauawa.

Msimu wa tatu unamwonyesha Sir Malcolm akiwa Zanzibar baada ya kumzika. Hapo ndipo mtazamaji wa kwetu anapokuna kichwa. Jina Sembene ni la Senegal, kama la mwongozaji filamu maarufu Ousmane Sembène. Kutoka Senegal hadi Zanzibar ni kuvuka bara zima.

Hali halisi ilikuwaje?

Wapelelezi wa enzi hiyo hawakutembea na mtumishi mmoja aliye kimya. Walitegemea misafara ya wapagazi, wakalimani na viongozi waliojua njia, lugha na namna ya kupatana na watawala. Wengi waliajiriwa Zanzibar.

Mfano mzuri ni James Chuma. Alikuwa Myao, akakombolewa kutoka kwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861 akiwa bado kijana mdogo. David Livingstone alipofariki mwaka 1873, katika nchi inayoitwa Zambia leo, Chuma na mwenzake Abdullah Susi waliongoza wenzao kuubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Baadaye wote wawili walikwenda Uingereza na kusaidia wakati shajara za Livingstone zilipokuwa zikiandaliwa kuchapishwa.

Mwaka 1879 Chuma aliongoza wapagazi wa msafara uliotumwa na Chama cha Kijiografia cha Kifalme cha Uingereza. Mkuu wa msafara, Keith Johnston, alifariki akiwa Behobeho, eneo ambalo leo limo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Uongozi ukamwangukia Joseph Thomson, kijana wa miaka 21 ambaye hakuwahi kuongoza msafara Afrika. Walisonga mbele kupitia Mahenge, jina tunalolijua vizuri hapa ng'ambo ya Mto Kilombero, hadi Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Thomson alirudi na sifa nyingi. Chuma ndiye aliyekuwa na uzoefu wa safari za namna hiyo.

Je, tamthilia haifai?

Inafaa kutazamwa, hasa kwa anayependa hadithi za kutisha, ingawa si ya kuangalia na watoto. Lakini lalamiko la watazamaji lina uzito. Mtu anayejua habari za Sembene peke yake anaweza kuamini kwamba Waafrika wa misafara ile walikuwa wakisubiri amri tu.

Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, miaka 9 kabla ya mwaka ambao tamthilia hii inaanzia.