Je, Wajua? Namba Iliyodhaniwa Tasa

Je, wajua kwamba ukiweka punje 1 ya mchele leo, 2 kesho, 4 keshokutwa, ukaendelea maradufu hadi siku ya 67, jumla ya punje zote itakuwa 147,573,952,589,676,412,927? Tarakimu 21! Njia ya mkato: chukua 2 kwa kipeo cha 67, kisha toa 1.

Je, wajua kwamba mwaka 1644 mtawa wa Ufaransa, Marin Mersenne, aliitia namba hiyo katika orodha ya namba tasa, yaani zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe? Orodha yake ya vipeo iliishia 257 na ilikuwa na makosa matano: 67 na 257 hazikustahili kuwemo, 61, 89 na 107 ziliachwa nje.

Je, wajua kwamba namba inaweza kuvuliwa utasa bila kigawo chake hata kimoja kujulikana? Hapa ndipo ninaposhangaa kila mara. Mwaka 1876 Édouard Lucas, Mfaransa mwingine, alithibitisha kwamba namba yetu si tasa, wala hakujua inagawanyika kwa ngapi. Kipimo chake, kama kilivyonyooshwa baadaye na Derrick Lehmer, huanza na 4: izidishe kwa yenyewe, toa 2, gawanya kwa namba unayoichunguza, shika baki. Rudia kwa baki hilo. Ukiipima 31, ambayo ni 2 kwa kipeo cha 5 kutoa 1, unapata 14, halafu 8, halafu 0. Sifuri hiyo ya hatua ya tatu ndiyo ushahidi wa utasa. Kwa kipeo cha 67 hatua ni 65, na sifuri haitokei.

Vigawo vyenyewe vilisubiri hadi tarehe 31 Oktoba 1903, New York. Husimuliwa kwamba, katika mkutano wa wanahisabati, Frank Nelson Cole alikwenda ubaoni bila kutamka neno, akakokotoa 2 kwa kipeo cha 67, akatoa 1. Kando yake akazidisha 193,707,721 kwa 761,838,257,287, tarakimu kwa tarakimu. Majibu yakalingana. Akarudi kuketi kimya, na ukumbi mzima ukampigia makofi. Kazi hiyo, inasemekana alieleza baadaye, ilimlia Jumapili za miaka mitatu.

Je, wajua kwamba hakuwa akipapasa gizani? Kila kigawo tasa cha namba hii, ukikipunguza 1, lazima kigawanyike kwa 134, yaani mara mbili ya 67. Jaribu: 193,707,720 gawanya kwa 134 ni 1,445,580 kamili.

Una kalamu? Zidisha 721 kwa 287, mikia ya vigawo viwili vya Cole. Utapata 206,927. Sasa rudi juu, utazame namba yetu inaishia na nini.