TIMU ILIYOZALIWA MASOMONI: HABARI ZA MAZEMBE NA VIWANJA VYAKE



Wakati wa mapumziko tunasikia ubishi mwingi juu ya Tout Puissant Mazembe ya Lubumbashi. Wengi wanajua vikombe vyake, lakini wachache wanajua ilizaliwa wapi. Wengine wanasema ati ilianza na feza za matajiri. Sivyo. Ilianza masomoni, kati ya wanafunzi kama sisi.

Mwanzo wake

Mwaka 1939, mji wa Lubumbashi ulipokuwa ungali unaitwa Élisabethville, watawa Wabenedikto waliongoza masomo ya Saint-Boniface. Walitaka vijana wao wa skauti wapate kazi ya kuchangamsha mwili, wakaunda timu ya mpira. Waliiita Saint-Georges, jina la mtakatifu wa maskauti. Mwaka 1944 ikaitwa Saint-Paul. Baadaye wachezaji wasio wa masomo wakaingia, nao watawa wakaacha uongozi. Kampuni moja ya pine za motokari ikaisaidia, na timu ikachukua jina la kampuni hiyo: Englebert. Ilipopata ushindi bila kushindwa hata mara moja, ikajiongezea "Tout Puissant", maana yake Mwenye Nguvu Zote. Sisi tunajua jina hilo ni la nani kwa kweli, lakini wacha tuendelee.

Vikombe

Mwaka 1967 Englebert ilifika mwisho wa Kombe la Afrika pamoja na Asante Kotoko ya Ghana. Walitoka sare mara mbili, 1-1 na 2-2. Mchezo wa tatu ulipangwa, Kotoko hawakufika, kombe likabaki Kongo. Mwaka 1968 ikalichukua tena mbele ya Étoile Filante ya Togo. Hakuna timu iliyokuwa imelishika mara mbili mfululizo mbele yake. Halafu miaka mingi ikapita. Mwaka 1980 ilipata Kombe la Washindi, tayari kwa jina la Mazembe, lakini kombe kubwa halikurudi mpaka 2009, halafu 2010 na 2015. Mwaka 2015, ilipowashinda USM Alger, Mbwana Samatta wa Tanzania alifunga katika michezo yote miwili. Huyo aliweza kuongea na wenyeji wa Lubumbashi bila mkalimani, sababu Kiswahili ni chao wote.

Lakini siku kubwa kuliko zote ni za Desemba 2010, kule Abu Dhabi, katika Kombe la Dunia la timu. Mazembe ikaipiga Pachuca ya Meksiko 1-0, halafu Internacional ya Brazil 2-0. Kipa Kidiaba akaruka-ruka chini kwa matako, dunia nzima ikacheka pamoja naye. Siku ya posho, tarehe 18, ikashindwa na Inter ya Italia 3-0. Hata hivyo, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika mchezo wa mwisho wa kombe hilo.

Viwanja

Zamani Mazembe ilipokea wageni katika uwanja wa komini ya Kenya. Tusichanganye: si inchi ya Kenya, ni sehemu ya Lubumbashi. Uwanja huo unaitwa sasa Kibassa Maliba, na ndipo Espérance ya Tunisia ilipofungwa 5-0 mwaka 2010. Lakini haukuwa mali ya Mazembe. Ndiyo maana, chini ya presidenti wao Moïse Katumbi, walijijengea wao wenyewe uwanja huko Kamalondo. Ulifunguliwa mwaka 2011, una nafasi 18.500 na majani ya kutengenezwa, hata mvua ikinyesha mpira unatembea.

Kwa sisi

Kwa nini tunaandika haya? Kila mwaka watu wanauliza: mbona ardhi nzuri hii isilimwe maharagi? Ni kweli, njaa haina mzaha, na kiwanja chetu kimeinama. Mpira ukipotea, unatafutwa bondeni kati ya ng'ombe. Wenzetu wa Walikale nao wanakata msitu mbele ya kucheza. Lakini maharagi yana milima yote ya Masisi, na wanafunzi wana kiwanja kimoja tu. Kikilimwa mara moja, hakitarudi. Hapo wanajifunza pamoja watoto ambao wazazi wao hawasalimiani. Nani anajua kitakachotoka hapo?

Basi siku ya salongo, kila mtu alete upanga wake. Tutaanza na upande wa goli la chini.