Viua vya Kofia: Faili Ghafi au JPEG?

Nikahi ilifungwa Majoreni, huku kwetu pwani, baada ya sala ya Ijumaa, na tulipotoka msikitini jua lilikuwa bado kali. Bwana harusi alivaa kanzu nyeupe, joho jeusi, na kofia ya viua aliyoshonewa na bibi yake kwa mkono, kazi ya miezi. Nyuma yake, chini ya mwembe, akina mama walikaa na mabuibui yao. Nikapima mwanga kwa ajili ya wale waliokuwa kivulini, nikabonyeza. Wiki moja baadaye nikampelekea bibi picha iliyochapishwa. Aliisogeza karibu na macho, akapitisha ukucha juu ya kofia, akaniuliza, "Mjukuu wangu, viua viko wapi?"

Havikuwapo. Kofia ilikuwa imeungua, weupe mtupu kama karatasi. Nilifungua faili kwenye kompyuta nikapunguza mwanga. Weupe ukawa kijivu, lakini hakuna hata tundu moja la sindano lililorudi. Nilikuwa nimepiga kwa JPEG. Tangu siku ile nimejifunza kwamba kabla ya kuuliza ipi ni bora kati ya JPEG na faili ghafi, ile ambayo kwenye menyu ya kamera imeandikwa RAW, yafaa kuuliza swali jingine: nani ataamua picha hii itoke vipi, kamera au mimi? Na uamuzi huo ufanyike lini?

Tuanze na kile kinachotokea ndani ya kamera. Sensa, yaani kile kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, haijui rangi. Kila nukta yake hupima tu wingi wa mwanga ulioiangukia. Ili rangi zipatikane, juu ya sensa huwekwa vichujio vidogo vilivyopangwa kama vigae, mpango uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976: katika kila nukta nne, mbili huona kijani, moja nyekundu, moja buluu. Kwa hiyo kitokacho kwenye sensa ni jedwali kubwa la tarakimu, bado si picha. Lazima mtu, au mashine, ajaze rangi zinazokosekana, aamue nyeupe ni ipi, na kivuli kiwe kizito kiasi gani.

Waliowahi kutumia kamera za mkanda wanaijua kazi hiyo: ndiyo kusafisha picha. Ulipeleka mkanda studio, ukarudishiwa picha pamoja na negativu zake ndani ya bahasha. Picha ikitoka nyeusi mno, negativu ilikuwapo. Fundi angeweza kuichapisha upya. Ukipiga JPEG, kamera husafisha picha papo hapo, kwa muda usiofika sekunde moja, kisha huitupa negativu. Ukipiga ghafi, unakabidhiwa negativu yenyewe.

Kiasi kinachotupwa si kidogo. JPEG huhifadhi kila rangi kwa biti 8, yaani ngazi 256 kutoka giza hadi mwanga. Faili ghafi ya biti 12 ina ngazi 4,096, na ya biti 14 ina 16,384. Ngazi 256 zinatosha kabisa kwa jicho kuitazama picha iliyokwisha kutengenezwa vizuri. Shida huanza ukitaka kuibadilisha. Ukivuta kivuli cha mwembe ili nyuso za akina mama zionekane, ngazi chache zilizomo hutawanyika, na ngozi huanza kuonyesha mabaka. Isitoshe, kanuni ya JPEG, iliyotolewa mwaka 1992, huigawa picha katika miraba ya pikseli 8 kwa 8 na kufuta ndani yake vitu vidogo ambavyo jicho halitarajiwi kuvigundua. Kila ukiihariri na kuihifadhi upya kama JPEG, hufutwa vingine. JPEG ni kama ng'onda: mwepesi, hubebeka, huliwa popote, ila harudi kuwa samaki mbichi.

Faida ya pili ya faili ghafi ni rangi. Kivuli cha mwembe kina ukijani, taa za ukumbini usiku zina umanjano, na mfereji wa mikoko asubuhi hurudisha buluu ya mbingu usoni mwa mvuvi. Kwenye faili ghafi, mizani ya weupe, yaani uamuzi wa nyeupe ni ipi, ni maelezo tu yaliyobandikwa pembeni. Unaweza kuichagua upya nyumbani bila kuidhuru picha. Kwenye JPEG mizani hiyo imeshapikwa ndani. Kosa dogo utalirekebisha, lakini uso uliotoka kijani kibichi hautarudia rangi yake yote.

Hata hivyo, ghafi haina miujiza. Picha iliyotikisika itabaki imetikisika, na lenzi iliyolenga ukuta badala ya uso haisameheki. Mwanga nao una kikomo: nukta ya sensa ikishajaa pomoni, kilichozidi hakikuandikwa popote. Mara nyingi faili ghafi huwa na akiba ya weupe ambao JPEG imeuunguza, lakini akiba hiyo ina mwisho. Kwa jua letu la pwani, nyuzi nne na ushei tu kusini mwa ikweta, ni heri upime mwanga kwa ajili ya kanzu, kisha ukiinue kivuli baadaye. Kivuli kilichoinuliwa kutoka faili ghafi hutoka na chengachenga kidogo. Kanzu iliyoungua haitoki na chochote.

Ghafi ina gharama yake pia. Kamera ya megapikseli 24 hutoa JPEG safi ya takriban megabaiti 10, na faili ghafi ya karibu megabaiti 25 hadi 30. Picha elfu mbili za harusi ya siku mbili zitakaribia kuijaza kadi ya gigabaiti 64. Ukipiga mfululizo wakati wavuvi wanavuta jarife, kamera nyingi hujaza kumbukumbu yake ya muda na kuzubaa, huku samaki wakiruka. Unahitaji kompyuta yenye nguvu, programu ya kusafishia, diski mbili za kuhifadhia, na saa kadhaa za kukaa kitako. Na mteja anayesubiri picha kwenye WhatsApp huenda asiweze hata kuifungua faili hiyo.

Kwa sababu hizo kuna kazi ambazo JPEG ndiyo jibu sahihi. Picha za pasipoti zinazopigwa kwa taa ileile kila siku hazina siri ya kutafutwa baadaye. Habari nayo haingoji. Mnamo Novemba 2015 shirika la habari la Reuters liliwaagiza wapiga picha wake wa kujitegemea waache kutuma picha zilizosafishwa kutoka faili ghafi. Walitakiwa kutuma JPEG iliyotoka kamerani. Sababu zilikuwa mbili: kasi, na hofu kwamba kusafisha kungegeuka kuwa kupotosha. Shindano la World Press Photo, kwa upande wake, huwadai wanaofika hatua za mwisho faili asili zilivyotoka kamerani, ili waamuzi wazilinganishe na picha iliyowasilishwa. Moja limeogopa uhuru unaotokana na negativu, jingine linaitumia negativu kama shahidi. Yote mawili yanakubali kwamba ndani yake mna mengi kuliko yanayoonekana.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu. Mwanga ukiwa mtulivu na picha inatakiwa leo, piga JPEG, lakini pima mwanga kwa uangalifu, maana hakuna rufaa. Tukio likiwa halirudiwi, nikahi, mazishi, mtoto akipanda dau kwa mara ya kwanza, washa zote mbili. Kamera nyingi huandika ghafi na JPEG kwa pamoja. JPEG itume jioni ileile. Ghafi itunze.

Na usiniamini kwa maneno. Kesho saa sita, tandika mkeka uani, nusu juani, nusu kivulini. Juani weka kofia ya viua, kivulini buibui jeusi. Piga mara moja kwa mfumo wa pamoja, ukizidisha mwanga kidogo tu, hadi weupe wa kofia uanze kuungua kwenye JPEG. Fungua faili zote mbili, punguza mwanga wa kila moja kwa kiasi kilekile, kisha ikuze kofia mpaka ijae kioo chote. Hesabu viua kwenye JPEG, kisha kwenye ghafi. Hesabu hiyo ndiyo jibu ambalo sikuwa nalo siku bibi aliponiuliza.