Sura ya Tano: Nani Hana Makazi Mbele ya Sheria?

Uingereza imeliandika jibu lake. Sheria ya Nyumba ya mwaka 1996 inamtambua kuwa hana makazi hata mwenye nyumba asiyoweza kuingia, na anayetazamiwa kuipoteza ndani ya siku 56 inamtambua kuwa yumo hatarini kukosa makazi. Tanzania haina sheria ya namna hiyo. Kanuni ya Adhabu, iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni, inamjua mzururaji, lakini humjua kama mshtakiwa tu. Swali la nani ana haki ya kukaa wapi limeachiwa sheria ya ardhi, na majibu yake mawili mazito yametoka wilaya za Hanang na Mbulu, kaskazini mwa nchi.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, shirika la umma la NAFCO, likisaidiwa na Kanada, lilifungua mashamba ya ngano katika tambarare za Basotu, Hanang. Yalikua hadi kufikia takriban ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, wafugaji wanaohama na mifugo kufuata majani na maji. Maboma yaliondolewa, hata makaburi ya wazee, bung'eda, yalipitiwa na matrekta.

Kijiji cha Mulbadaw, katika eneo hilo, kiliishtaki NAFCO. Mahakama Kuu ilikipa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Halmashauri ya kijiji, ilisema, haikuthibitisha kwamba iligawiwa ardhi ile. Na wanakijiji waliodai haki ya kimila hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati huo. Watu walikuwepo, mifugo ilikuwepo, lakini ushahidi uliotakiwa haukuwepo. Mwaka 1987 serikali ikatoa amri ya kufuta haki za kimila katika eneo hilo.

Jibu la pili lilianzia Kambi ya Simba, kijiji kilicho Mbulumbulu, ambacho zamani kilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbulu na leo kiko Karatu. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph walipoteza shamba wakati wa Operesheni Vijiji, kampeni ya serikali ya kuwahamishia watu katika vijiji, wakalirudisha kwa hukumu ya mahakama mwaka 1987. Kisha Bunge likatunga Sheria Namba 22 ya mwaka 1992, iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa kwa kampeni hiyo na kuwafungia watu njia ya mahakama. Baba na mwana wakaishtaki Serikali. Desemba 1994, Jaji Mkuu Francis Nyalali na wenzake wawili waliamua kwamba haki ya kimila ni mali inayolindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Kinyume cha hapo, alieleza Nyalali, Watanzania wengi wangekuwa wavamizi katika nchi yao wenyewe. Anayenyang'anywa, hata kama hajajenga kitu ila ameitolea ardhi jasho, anastahili fidia ya haki.

Lakini jasho la mkulima huonekana: shamba limelimwa, miti imepandwa. La mfugaji liko wapi, ikiwa ustadi wake ni kuondoka mapema ili nyasi zipumzike? Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilijaribu kujibu. Inahesabu ardhi ya malisho na njia za mifugo kuwa ardhi ya kijiji, na inaipa haki ya kimila hadhi sawa na hati ya serikali.

Huko huko Hanang, makazi yamepotea pia kwa maafa: tarehe 3 Desemba 2023 tope kutoka Mlima Hanang liliifunika sehemu ya Katesh na kuua watu zaidi ya 80. Manusura walihifadhiwa kambini, kisha serikali ikawajengea nyumba. Anayepoteza makazi kwa maafa huhesabiwa siku ileile. Anayeyapoteza kwa uamuzi wa watu hutakiwa kwanza kuthibitisha kwamba alikuwa na haki ya kuwa pale, na kwa Wabarabaig wa Mulbadaw hapo ndipo kesi ilipoanguka.